Dada Gene, Tumeshakujengea

Dada Gene,

Shikamoo. Najua hapo umeshaanza kunikunjia uso. Ulikuwa hutaki nikuamkie, ulisema shikamoo ni ya wenye mvi na wewe bado unasuka nywele. Lakini juzi nimetoka kwenu Muleba, nimepiga magoti pembeni ya kaburi lako, na mdomo ukakataa kusema "mambo". Basi ipokee kwa leo tu, halafu tuongee kama tulivyokuwa tunaongea tukifua.

Tumeshakujengea. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Ule udongo tuliouacha wazi sasa una saruji juu yake, na msalaba, na jina lako lote, Generosa, ambalo Deo aliliandika kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi. Herufi moja imepinda. Alitaka kuifuta aanze upya, mama yako akamkataza. Alisema iacheni, hata mwenye jina hakuwahi kukaa sawa. Tulicheka pale pale kaburini, Dada. Sijui kama inaruhusiwa, lakini tulicheka.

Nina mambo mengi kifuani. Mengi unayajua kuliko mimi, ila niache niyaseme. Wasichana wapya kiwandani huniuliza ule wakati wa korona tuliishije, na mimi nashindwa pa kuanzia. Kwako najua pa kuanzia. Naanzia ile asubuhi tulipofika getini tukakuta wenzetu wamesimama nje, mabuti yao mikononi.

Mlinzi alisema ndege za kubeba minofu kwenda Ulaya haziji, kwa hiyo vibarua turudi nyumbani tusubiri kuitwa. Wewe ulikuwa unakata sangara kwenye kile kiwanda tangu mimi sijajua kwamba kuna samaki wanaopanda ndege. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka Kasulu, hata baridi ya kile chumba cha minofu sijaizoea. Nikadhani tutaitwa Jumatatu. Wewe hukudhani. Uliingiza mabuti yako kwenye mfuko, ukanishika mkono, ukasema, "Yustina, twende tukaangalie nyumbani kuna nini."

Kulikuwa na unga kidogo kwako, na kwangu maharage ya mama yangu ambayo nilikuwa naogopa kuyamaliza. Basi.

Nyumba ya Mzee Masanja ipo vile vile, kule juu kwenye mawe ya Mabatini, vyumba vimefuatana kama mabehewa na choo kule mwisho. Ukimtoa mzee mwenyewe, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mtu wa Mwanza. Wewe Muleba, mimi Kasulu. Mama Zuhura na cherehani yake, wa Ujiji. Baba Marwa wa Tarime, mlinzi wa ghala ambalo nalo lilifungwa wiki ile ile. Na Deo wa chumba cha mwisho, mbeba magunia ya dagaa kule mwaloni kwenye soko la samaki, ambaye tulijua tu kwamba haongei na kwamba akipita mlango unakuwa giza kwa ukubwa wake. Kila mtu alikuwa na jiko lake, na sababu zake za kufunga mlango akila.

Sijui ulipata wapi ujasiri wa kuwagongea watu milango. Mimi ningekufa kwa aibu. Ulikwenda mlango kwa mlango ukiwaambia kuanzia leo tunapika sufuria moja, lete ulichonacho, hata kama ni chumvi. Mama Zuhura alikuuliza kama umerukwa na akili. Ukamwambia inawezekana, lakini alete kwanza hayo mafuta yake. Jioni ulikuja na sufuria ya jumuiya yako ya kanisani, ile kubwa ya kupikia misibani, umeibeba kichwani mpaka macho hayaonekani. Baba Marwa alipoiona alisema nani amekufa. Ulimjibu hajafa mtu, na tukila hatafi mtu.

Tuligombana sana kwenye ile sufuria, unakumbuka? Wewe ulitaka ndizi. Ndizi za wapi, Dada, na bei ilivyokuwa imepanda? Mimi na Deo tulitaka ugali wa muhogo, na Baba Marwa akasema ugali wa muhogo ni gundi. Siku ambazo mtu hakuwa na kitu tulipika uji mwepesi na hakuna aliyeuliza nani hakuleta. Hilo ulilikataza mapema. Aliyechelewa kutoka kutafuta alikuta sahani yake imefunikwa. Na Baba Marwa kila ikiiva alisimama katikati ya uwanja akaita, "Chakura! Chakura kimeiva!" na watoto wa nyumba za jirani wakamwigiza mpaka kule chini barabarani.

Mama Zuhura alishona barakoa kwa vipande vya vitenge. Wewe na mimi tukaanza kwenda Kigongo, kwenye kivuko, maana mjini kila mtu alikuwa anauza na hakuna wa kununua, lakini magari ya kwenda ng'ambo Busisi yalikuwa bado yanapanga foleni na watu waliomo wana njaa. Dagaa wa kukaanga, mahindi ya kuchemsha, na ndoo yetu yenye koki ili mteja anawe kwanza. Uliimba zile nyimbo zako za kwaya, chini chini, kama ulivyokuwa unaimba kwenye meza ya minofu mpaka msimamizi aje. Kule hakukuwa na msimamizi. Wale akina mama wa Kigongo walituangalia vibaya siku ya kwanza. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wanakutunzia nafasi.

Halafu Deo akaugua.

Tulianza kwa kusikia kikohozi ukutani. Siku iliyofuata hakutoka. Mama Zuhura alichemsha mikaratusi na mchaichai na malimau, akaiweka nyungu ya kujifukiza mlangoni kwake akarudi nyuma haraka. Simlaumu, hata mimi nilikuwa nimejifunga kanga mdomoni nimesimama huko kwenye kamba za nguo. Mzee Masanja akaja na fimbo yake. Hakuwa na hasira, alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu anaongea kwa sauti kubwa. Alisema yule mgeni atoke, arudi kwao alikotoka, kabla hajatumaliza wote.

Ulikuwa unapepeta dagaa. Uliweka ungo chini, ukajifuta mikono, ukamwamkia. Kisha ukamwambia, taratibu kabisa:

"Mzee, hapa wote ni wageni. Akitoka huyu leo kwa sababu ya kikohozi, kesho nitatoka mimi kwa sababu ya kitu kingine. Sasa chagua, unataka wapangaji au unataka nyumba tupu?"

Mzee aligongagonga fimbo kwenye jiwe, akarudi zake ndani.

Ulipoingia kwa Deo ndipo tukajua kwa nini alikuwa hataki kupelekwa hospitali. Wazazi wake walikimbia vita Burundi akiwa mgongoni, akakulia kambini kule Kibondo, na karatasi zake hazikuwa sawa. Aliogopa kuulizwa jina kuliko alivyoogopa kukosa pumzi. Ulitoka ukatuambia, kama mtu anayesema chumvi imekwisha, kwamba kuanzia sasa Deo ni kaka yako na anayeuliza aambiwe hivyo.

Dereva wa bajaji alisikia kikohozi akaondoka bila kutuaga. Baba Marwa akaenda kuazima guta la kubebea mizigo la rafiki yake, wewe na yeye mkamshusha Deo kwenye yale mawe mkimshika huku na huku, mimi nyuma nimebeba shuka na chupa ya uji. Nilikuwa naogopa, Dada, lakini nilikuwa naogopa zaidi kubaki. Hospitali mtu wa mapokezi alikuuliza huyu ni nani yako. Ukasema kaka yangu, baba mmoja. Akawaangalia, wewe mdogo kama kidole na Deo kama mlango wa ghala. Ili kumaliza ubishi ukamgeukia Deo ukamwongelesha Kihaya kirefu, na Deo akiwa na homa yake akakujibu kwa Kirundi. Hakuna aliyemwelewa mwenzake. Baadaye nilikuuliza ulimwambia nini, ukasema ulimuuliza kama amefunga mlango wake. Na yeye alidhani unamwuliza kama anataka kuungama.

Alipona. Alirudi amekonda, nguo zinamzunguka. Na tangu siku ile akawa anaongea. Alikuwa na maneno mengi kumbe, yalikuwa yamekosa mtu.

Mzee Masanja naye alimpoteza mdogo wake kule Ilemela, siku hizo hizo. Alirudi kutoka msibani akasema walikuwa watu wa kuhesabu kwa mkono mmoja, wengine wote waliogopa. Alijifungia. Wewe ukaanza kumpelekea sahani dirishani kila sufuria ilipoiva, unaiweka, unasema "Mzee, chakula," unaondoka. Sijawahi kusikia akikushukuru. Lakini kuna mwisho wa mwezi ulipita bila fimbo yake kugonga mlango wa mtu kudai kodi, na mwingine ukapita pia.

Tulidhani yamekwisha. Kiwanda kilianza kuita watu mmoja mmoja. Ukaitwa wewe kwanza, ukakataa kwenda mpaka waniite na mimi, mpumbavu wewe. Tulirudi pamoja kwenye meza yetu. Krismasi ukapanda meli kwenda kwa mama yako, ukarudi na mkungu wa ndizi mkubwa kuliko wewe, tukala mpaka Baba Marwa akakiri kwamba ndizi ni chakula.

Na ugonjwa ukarudi. Safari hii watu walisema ni shida ya kupumua, hawakutaka kulitaja jina lake. Ulianza kwa kusema umechoka. Wewe, kusema umechoka. Nililala chumbani kwako, Mama Zuhura akakufukiza, akakukanda mgongo, na hakurudi nyuma hata hatua moja. Asubuhi ile ulipokuwa unavuta hewa kama mtu anayepanda mlima, Deo hakusubiri guta wala bajaji. Aliinama, tukakuweka mgongoni, tukakufunga kwa kanga kama mtoto, akashuka na wewe kwenye yale mawe mpaka barabarani. Alikuwa anakuongelesha njia nzima. Kwa Kirundi. Wewe ulikuwa unaitikia.

Pale hospitali waliruhusu mtu mmoja, akaingia Deo, kwa sababu alisema ni kaka yako. Mimi nilibaki nje kwenye benchi na Baba Marwa. Mchana alitoka kuja kutuambia kwamba umemwuliza jambo moja. Umeuliza, "Wamekula?"

Alirudi ndani. Alipotoka mara ya pili alikuwa ameikunja mkononi ile kanga tuliyokufungia.

Sijui nikuandikie vipi siku zile. Niliosha sahani yako nikaifunika. Nikaifunua. Sikujua nifanye nini nayo.

Kulikuwa na watu waliosema uzikwe Mwanza upesi, ndiyo ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Mama yako alipiga simu kupitia kwa binamu yako, akasema maneno machache tu, kwamba anaomba mtoto wake aletwe, alale karibu naye. Mabasi yalikataa mwili. Tulichanga, Dada, sitakuambia nani alitoa nini maana wewe mwenyewe ulikataza kuulizana. Wasichana wa kiwandani walichanga, jumuiya yako ikachanga, wabeba magunia wa mwaloni ambao hata hawakukujua walichanga kwa ajili ya dada yake Deo. Lakini gari hakuna aliyekubali kutoa. Tukiwa tumekaa uwanjani, Mzee Masanja akatoka na funguo za pikapu yake, ile ya kubebea mawe. Alikuwa ameiosha. Alisema, "Nitaendesha mwenyewe."

Tulifika Kigongo foleni imefika mbali. Mama Kulwa, yule wa karanga aliyekuwa anakutunzia nafasi, ndiye aliyenitambua nyuma ya pikapu. Akauliza tumembeba nani. Akaambiwa. Aliweka chini sinia yake, akafungua kanga yake ya pili akaitandika juu ya jeneza, na akina mama wengine wakasimama, wamejifunika midomo, kila mmoja hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake kwa sababu ya ule ugonjwa, lakini wamesimama. Madereva wakaanza kusogeza magari pembeni bila kuambiwa. Tukapita katikati yao mpaka kwenye kivuko. Mzee Masanja aliendesha huku machozi yanamtoka na hakuyafuta.

Kwenu tulifika tumechoka, na ndugu zako wakawa wanatuangalia. Watu gani hawa? Mama Zuhura na ushungi wake, Mkurya, mzee wa Kisukuma. Mama yako alimwona Deo amesimama peke yake kwenye migomba. Akauliza kwa Kihaya, binamu yako akatafsiri, huyu kijana mkubwa ni nani. Deo alibabaika. Nilidhani atasema jirani. Akasema, "Yeye alisema mimi ni kaka yake."

Mama yako alikwenda mwenyewe akachukua koleo kwa mjomba wako, akampa Deo mkononi, akamwelekeza mahali ndugu wa kiume walipokuwa wamesimama. Ndiyo maana wewe ulizikwa na kaka yako. Nilitaka ulijue hilo.

Sasa habari za huku. Mimi bado nipo kiwandani, na sasa si kibarua, nimeajiriwa. Mahali ulipokuwa unasimama anasimama binti wa Bunda, mkono wake ni mwepesi lakini hajui kuimba. Nimeanza kumfundisha zile nyimbo zako, na maneno nisiyoyakumbuka nayatunga. Mama Zuhura amehamia Ilemela karibu na uwanja wa ndege, ana mafundi wawili anaowafokea. Ndege ikipita juu ya bati lake hunipigia simu kunitangazia kwamba samaki wetu wanaondoka. Baba Marwa bado anaita chakula vile vile. Sufuria ya jumuiya tuliirudisha, tukanunua yetu. Wapangaji wapya walituona kama watu wa ajabu mpaka mmoja wao alipojifungua na mumewe yuko machimboni Geita. Tulipika mpaka mume aliporudi. Sasa wao ndio wanaogonga milango. Na Deo karatasi zake zimekaa sawa, ilichukua muda na kwenda na kurudi kwingi. Amejifunza uashi. Kaburi lako ndiyo kazi yake ya kwanza ambayo hakutaka kulipwa, na ndiyo aliyoifanya polepole kuliko zote.

Na daraja la Kigongo limekwisha, Dada. Lile ambalo nguzo zake tulizikuta zinachomoza majini, ukasema litakapoisha tutapita juu tukiwapungia mkono wenye vivuko. Tumepita. Nilikaa dirishani upande ule tuliokuwa tunauzia, nikataka kuangalia vizuri mahali petu, na kabla sijafungua chupa ya maji tulikuwa tumeshafika Busisi. Akina mama wengi wamehama na biashara zao. Mama Kulwa nilimkuta stendi ya Busisi, amezeeka kidogo. Aliniuliza tunakwenda wapi na mifuko ya saruji ndani ya basi. Nikamwambia. Akatupa karanga za safari, akakataa kabisa hela.

Tulikaa kwenu siku kadhaa. Deo alijenga, Baba Marwa alichota maji, mimi nilipalilia migomba na mama yako. Amepungua, miguu inamsumbua, lakini mdomo bado upo. Aliniambia napalilia kama mtu anayechimba mtaro. Alinifundisha kumenya ndizi bila kujipaka utomvu mpaka kwenye viwiko, na jioni nilipompikia alikula, akasema kwa Kiswahili chake kwamba nimejitahidi, ila siku nyingine nipunguze maji. Alinilaza kwenye kitanda chako. Kuna alama za penseli ukutani za ulivyokuwa unajipima urefu. Hukufika mbali.

Siku ya kuondoka alitusindikiza mpaka barabarani, anatembea kwa shida, kila nikimwomba arudi anakataa. Basi lilipokuja alinishika mkono akauliza lini. Hakusema "utakuja lini", alisema "lini" tu. Wewe ulikuwa unakwenda Krismasi na Pasaka.

Nimemjibu Krismasi na Pasaka.

Nimeshaomba likizo ya Krismasi, na Deo amesema paa la jikoni kwa mama linavuja, kwa hiyo tutakwenda wote wawili. Nitampelekea dagaa wale wakavu anaowapenda, nitapalilia vizuri zaidi, nitapunguza maji kwenye ndizi. Nitakwenda kila mwaka, miguu yangu ikiwa na nguvu na yeye akiwa na macho ya kuniona. Akiitwa na Mungu nitakuwepo. Usiwe na wasiwasi na mama.

Lala salama, dada yangu. Tumekula.

Wako,
Yustina